Maswali na Majibu: Papai na Nanasi la Kiwangwa

Swali la 1. Kiwangwa iko wapi, na inasifika kwa tunda gani? (Alama 2)
Jibu: Ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, kwenye barabara ya Bagamoyo–Msata. Sifa yake ni nanasi. Usiandike "matunda" ukaishia hapo.

Swali la 2. Mama ametoka Kiwangwa na papai gumu lenye mstari wa njano, pamoja na nanasi chachu. Ameyaweka jikoni siku nne. Eleza kitakachotokea. (Alama 6)
Jibu: Papai litaiva, nanasi litabaki chachu. Papai lililokomaa huendelea kutoa gesi ya ethilini hata baada ya kuchumwa. Gesi hiyo hulainisha nyama yake na kuligeuza ganda njano. Ukilifunga kwa gazeti pamoja na ndizi mbivu, gesi hubaki ndani na papai huwahi. Lakini lazima liwe limeanza kupiga njano mtini, kwa sababu halina wanga mwingi wa akiba wa kugeuzwa sukari. Likichumwa changa litanywea tu.
Nanasi hupata sukari yake kwenye mmea. Likishakatwa, mlango umefungwa: ganda laweza kugeuka njano na nyama ikalegea, ila sukari haiongezeki. Kwa hiyo anayekata mapema ili mzigo uhimili safari ya Dar es Salaam anamuuzia mlaji uchachu, na hakuna kabati litakalourekebisha. Kulisimamisha kichwa chini nako hakuongezi sukari.

Swali la 3. Utachaguaje nanasi sokoni? (Alama 3)
Jibu: Linuse kitakoni, harufu tamu ni nzuri, harufu ya pombe maana yake limeanza kuchacha. Lipime mkononi: zito kuliko umbo lake lina maji. Rangi peke yake haitoshi, kwani lipo la kijani lililoiva. Kuchomoa jani la katikati ni desturi ya wengi, ila mimi singeitegemea. Uivaji huanzia kitakoni kupanda juu, ndiyo maana vipande vya chini ni vitamu zaidi.

Swali la 4. "Tunda chachu zaidi ndilo lenye vitamini C nyingi." Jadili. (Alama 4)
Jibu: Si kweli. Gramu 100 za papai bivu zina takribani miligramu 60 za vitamini C. Za nanasi zina takribani 48, ingawa nanasi ndilo linalokunja uso. Uchachu wake hutokana zaidi na asidi ya sitriki. Papai pia lina karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A ya macho. Nanasi nalo lina manganizi nyingi. Yote mawili ni maji kwa zaidi ya asilimia 85.

Swali la 5. Kwa nini wapishi wa mishkaki hupaka nyama papai bichi? (Alama 5)
Jibu: Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini, kinachokatakata protini na kulainisha nyama ngumu. Papai bivu lina kidogo sana, basi usilitumie kwa kazi hii. Nanasi bichi, yaani lisilopikwa, lina ndugu yake, bromelaini. Nyama ikilala humo muda mrefu mno hugeuka uji kwa nje, kwa hiyo papai lipondwe, lipakwe kiasi, na saa zihesabiwe. Moto huharibu vimeng'enya vyote viwili. Kukatwa huko kwa protini ndiko pia huwasha ulimi ukila nanasi jingi, huzuia jeli ya jelatini kuganda, na huyatia uchungu maziwa yaliyosagwa na nanasi yakikaa. Ukitaka jeli igande, chemsha nanasi kwanza.

Swali la 6. Taja matumizi mengine jikoni. (Alama 3)
Jibu: Papai bivu kwa ndimu, papai bichi kwa achari au kupikwa kama mboga, juisi ya nanasi na tangawizi, jamu. Maganda ya nanasi yakisuguliwa vizuri huchemshwa na tangawizi na mdalasini yakawa kinywaji.

Swali la 7. Mjamzito ale papai? (Alama 2)
Jibu: Bivu, ndiyo. Bichi lenye utomvu aliepuke.