Mafunzo Niliyopata Nikipachika Skripti kwenye Kurasa za Tovuti

Nikisema natengeneza tovuti na kwamba kazi hiyo naifanyia Chekalini, watu huuliza kama ofisi iko Eldoret. Haiko Eldoret. Chekalini ni wadi ya eneo bunge la Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, ambako mahindi ndiyo karo, ndiyo mahari, ndiyo mazungumzo ya kila siku. Wateja wangu ni maduka ya pembejeo, shule, makanisa na vikundi vya wakulima kuanzia Turbo hadi Webuye. Tovuti zao karibu zote zinaendeshwa na WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui uliotolewa bure Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Katibu wa kikundi akifundishwa asubuhi, jioni anaandika tangazo lake mwenyewe. Shida huanza anapotaka ukurasa ufanye jambo: upige hesabu, upokee malipo, uonyeshe ramani. Hapo ndipo inapohitajika skripti, yaani maagizo ya JavaScript yanayotekelezwa na kivinjari cha msomaji.

1. Mfumo ukichuja, una sababu

Mwalimu mmoja anayesimamia tovuti ya shule alinipigia simu akiwa amekasirika. "Fundi, nimebandika skripti ya kuhesabu siku za kufungua shule, nikahifadhi, ikaliwa. Yamebaki maandishi matupu ya ajabu ajabu."

"Mwalimu, wewe umeingia kama mwandishi, si kama msimamizi. Mfumo hauruhusu mwandishi kuweka skripti."

"Basi nipe usimamizi."

Sikumpa, na hadi leo sijampa, ingawa tunasalimiana vizuri. WordPress huondoa alama za skripti katika maandishi ya mtu yeyote asiye na ruhusa maalumu. Katika tovuti ya kawaida ruhusa hiyo wanayo wasimamizi na wahariri. Katika mtandao wa tovuti nyingi zilizounganishwa, anayo msimamizi mkuu peke yake. Aliyeona ugumu huu ni wa bure aukumbuke mtandao wa kijamii wa MySpace, Oktoba 2005. Kijana Mmarekani, Samy Kamkar, alipenyeza skripti kwenye ukurasa wake, na kila aliyeutazama akaibeba hadi kwenye ukurasa wake mwenyewe bila kujua. Katika muda usiozidi siku moja kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeambukizwa. Skripti iliyo ndani ya ukurasa hutenda kwa jina la anayeutazama. Msimamizi akiufungua akiwa ameingia na nenosiri lake, skripti inaweza kufanya yote anayoruhusiwa yeye kuyafanya.

Mwalimu aliniandikia alichotaka, nikakiweka mimi.

2. Unapoipachika panazidi unachopachika

Hili ndilo lililonifunza zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kikundi kimoja cha wakulima kilitaka kikokotoo cha unyevu wa mahindi. Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mkulima aliyevuna yakiwa kwenye asilimia 20 anataka kujua gunia lake la kilo 90 litabaki na kilo ngapi likishakauka. Skripti ya kazi hiyo ni fupi, haifiki ukurasa mmoja wa daftari. Niliumiza kichwa zaidi na pa kuiweka.

Njia ya kwanza ni kuibandika ndani ya ukurasa wenyewe, kwenye kisanduku cha HTML ambacho kihariri kipya, kilichokuja na toleo la 5.0 mwishoni mwa 2018, kinakupa. Kwa ukurasa mmoja na skripti ndogo, inatosha. Lakini katika kihariri cha zamani, ukiacha mstari mtupu katikati ya skripti mfumo unaweza kudhani umeanza aya mpya, ukachomeka alama ya aya, na skripti ikavunjika. Pia skripti iliyopitia Word huja na alama za kunukuu zilizojipinda, ambazo JavaScript haizitambui. Mtu anaweza kuitazama siku nzima asione kosa, kwa sababu kwa macho haina kosa.

Njia ya pili ni kuiandika katika faili la kichwa la mandhari ya tovuti, na wengi huipenda kwa sababu ni ya haraka. Mandhari yakisasishwa, faili linaandikwa upya na skripti inatoweka. Nimeitiwa tovuti za namna hiyo mara nyingi: mwenye duka anaapa kwamba hajagusa kitu, na kweli hajagusa. Amebonyeza kitufe cha kusasisha kama alivyoshauriwa.

Njia ninayoifuata sasa ni kuiweka skripti katika faili lake, ndani ya programu-jalizi ndogo ninayoiandika mwenyewe, kisha kuisajili kwa amri ya mfumo iitwayo wp_enqueue_script. Mfumo ndio unaoamua iingie wapi, itangulie nini na ifuate nini, na haipakiwi mara mbili. Naongeza sharti kwamba ipakiwe kwenye ukurasa wenye kikokotoo tu, kwa maana anayesoma tangazo la mkutano mkuu hana haja ya kulipia data ya hesabu za mahindi. Mwisho naitengenezea msimbo mfupi wa mabano, kwa mfano [unyevu], ambao katibu anaweza kuuandika kwenye ukurasa wowote na kikokotoo kikajitokeza. Hagusi skripti, na skripti haimgusi.

Neno kwa wanaotumia jQuery, maktaba ya JavaScript: ndani ya WordPress ile alama ya dola haifanyi kazi hivi hivi, kwa sababu mfumo umeiachia maktaba nyingine nafasi. Andika jQuery kwa ukamilifu. Mifano mingi ya mtandaoni hukwama hapo.

3. Piga hesabu kwa kalamu kwanza

Kikundi kilikuwa tayari na skripti ambayo mwanachama mmoja aliipata mahali. Ilifanya kazi bila kulalamika, na jibu lake lilikuwa la uongo. Ilichukua asilimia 20, ikatoa 13.5, ikapata 6.5, kisha ikakata asilimia 6.5 ya kilo 90. Hiyo ni kilo 5.85. Hesabu sahihi huanzia kwenye kitu kisichopungua, yaani nafaka kavu: kilo 90 mara 80, gawanya kwa 86.5, unabaki na kilo 83.24. Kilichopotea ni kilo 6.76. Tofauti ya chini ya kilo moja kwa gunia unaweza kuidharau, lakini kwa magunia 100 ni kilo 91, gunia zima. Mkulima aliyeahidiwa gunia hilo na tovuti atamwendea nani? Atamwendea mweka hazina.

Liko na jingine la hesabu. Kivinjari hukabidhi kila kinachoandikwa kwenye kisanduku kama maandishi, hata kama ni tarakimu. Mtu akiandika magunia 40 ya shamba moja na 5 ya shamba jingine, JavaScript isipoambiwa igeuze maandishi kuwa namba haitajumlisha, itayaunganisha: magunia 405. Mavuno mazuri! Akiandika "13,5" kwa mkato badala ya nukta, namba inaweza kusomwa kama 13. Kwa hiyo naupa uandishi wa watu nafasi kubwa kuliko fomula: naruhusu mkato, naruhusu alama ya asilimia, na namba isiyowezekana inapata jibu la Kiswahili linaloeleweka.

4. Unaiandikia simu ya mkulima

Mimi nina kompyuta. Msomaji wangu ana simu ya bei nafuu, bando la siku moja, na mara nyingi kivinjari cha Opera Mini kwa kuwa kinabana data. Katika hali yake ya kubana zaidi, Opera Mini hutayarisha ukurasa kwenye seva za Opera, skripti zikapewa muda mfupi tu wa kufanya kazi, kisha simu ikaletewa ukurasa uliokwisha kupikwa. Kikokotoo kinachobadilisha jibu kila tarakimu inapoguswa hufa hapo. Chenye kitufe cha "Hesabu" kina nafasi ya kuishi.

Ndiyo maana chini ya kikokotoo niliweka jedwali la kawaida, lisilotegemea skripti yoyote. Gunia la kilo 90 likikaushwa hadi asilimia 13.5: kutoka 20 linabaki kilo 83.2, kutoka 18 kilo 85.3, kutoka 16 kilo 87.4, kutoka 15 kilo 88.4. Wako wakulima wanaolisoma jedwali hilo na hawajui kwamba juu yake kuna kikokotoo. Sioni ubaya.

Skripti ikikaa juu ya ukurasa bila maelekezo, kivinjari husimama kuipakua na kuitekeleza kabla ya kuendelea, na msomaji anatazama weupe. Tangu toleo la 6.3, Agosti 2023, WordPress inakuruhusu kusema ndani ya usajili wenyewe kwamba skripti isubiri ukurasa usomwe kwanza. Itumie.

5. Skripti ya kuazima ina mwenyewe

Wateja hupenda vitu vya kubandika: dirisha la gumzo, kihesabu wageni, bango la hali ya hewa. Unapewa mstari mmoja tu, na mstari huo unaita skripti iliyoko kwenye seva ya mtu mwingine. Leo ni nzuri. Kesho mwenyewe akiibadilisha, imebadilika kwako pia, bila hodi.

Anwani ya polyfill.io ilikuwa ikitoa skripti ya kusaidia vivinjari vya zamani, na watu waliiamini kwa miaka. Februari 2024 ikauzwa kwa kampuni ya Kichina. Kufikia Juni mwaka huo tovuti zaidi ya 100,000 zilizoiita zilikuwa zikihatarisha wageni wao, na baadhi ya watumiaji wa simu wakapelekwa kwenye kurasa za kamari. Wenye tovuti hawakuwa wamegusa chochote. Na mwaka 2018 wezi waliongeza mistari michache kwenye skripti moja ya tovuti ya British Airways, wakawa wanachota taarifa za kadi wakati mteja analipa. Watu zaidi ya 400,000 waliathirika, na Oktoba 2020 shirika hilo likatozwa faini ya pauni milioni 20.

Kwangu utaratibu ni huu: leseni ikiruhusu, nachukua nakala ya skripti na kuiweka kwenye seva ya mteja. Isiporuhusu, naiwekea alama ya uhakiki ya "integrity", ili kivinjari kiikatae faili likibadilika hata herufi moja. Zile zinazobadilika kila wiki kwa makusudi haziwezi kufungwa hivyo, na hapo ninamuuliza mteja kama kweli anakihitaji kitu hicho. Kihesabu wageni hakuna anayekihitaji.

Shule zijihadhari zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019, na haijalala: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Skripti ya matangazo inayofuatilia kila mzazi anayefungua ukurasa wa matokeo nayo inakusanya data, na mwenye kujibu ni shule.

6. Siri haikai kwenye ukurasa

Niliwahi kukabidhiwa tovuti ya duka ambayo funguo zake za malipo ya M-Pesa zilikuwa ndani ya skripti ya ukurasa wa kulipia. Aliyeijenga simtaji, na pengine alikuwa na haraka. Lakini skripti ya ukurasa husomwa na yeyote anayejua kubonyeza "onyesha chanzo". Funguo unazopewa na Safaricom kupitia Daraja, mlango wake wa kuunganisha programu na M-Pesa, hukaa kwenye seva, na ombi la malipo hutoka kwenye seva. Ukurasa kazi yake ni kupokea namba ya simu na kuonyesha jibu.

Bei nayo usiiamini ikitoka kwenye kivinjari. Mfuko wa mbolea ulioandikwa 2,500 unaweza kugeuzwa 25 na kijana mwenye subira kidogo. Seva ndiyo itafute bei kwenye orodha yake, na duka litoe mzigo baada ya kuthibitisha malipo yaliyopokelewa, si baada ya ukurasa kuandika "Asante".

7. Kache

"Kwangu imebadilika, kwako haijabadilika." Hiyo ni kache: kivinjari kimehifadhi faili la zamani, au seva imelihifadhi. Ukisajili skripti, ipe namba ya toleo na uipandishe kila unapohariri. Mara nyingi hakuna zaidi ya hapo.

8. Andika ulichokiacha

Kila tovuti ninayoikabidhi sasa ina karatasi moja: skripti zipi zimo, ziko wapi, kila moja inafanya nini, na ikizimwa kitu gani kitakoma. Mafundi wenzangu hunicheka kwamba najipunguzia kazi, kwa kuwa mteja mwenye karatasi hiyo anaweza kwenda kwa fundi mwingine. Aende.

Kama wewe ni katibu wa kikundi, mwalimu au mwenye duka, mwombe fundi wako karatasi hiyo wiki hii, kabla hajahama na kabla simu yake haijazimwa. Akishindwa kukueleza skripti fulani inafanya nini kwenye tovuti yako, mwambie aiondoe.