Miraba katika video ya mpira

SWALI: Kwa nini mtandao ukilegea video ya mpira huvunjika vimiraba, ilhali ya msomaji wa habari hubaki safi?

JIBU: Picha ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikichukua baiti 3, sekunde moja ya picha 25 hufikia takriban megabaiti 155, mzigo usiobebeka na bando lolote la kawaida. Kanuni ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003, huigawa picha katika miraba ya nukta 16 kwa 16, kisha hutafuta kila mraba ulikuwa wapi katika picha iliyotangulia. Ukipatikana, hutumwa mwelekeo ulikosogea na tofauti iliyobaki tu. Ukuta ulio nyuma ya msomaji wa habari hausogei, kwa hiyo karibu hakuna cha kutuma. Uwanjani kamera inamkimbiza winga, nyasi zinapita, mashabiki wanapunga bendera; tofauti ni kubwa, nafasi haitoshi, maelezo madogo hutupwa na mipaka ya miraba hujitokeza.

Miraba haikuwa njia pekee: kanuni iliyotangulia, MPEG-4 ya mwaka 1999, iliruhusu mchezaji, mpira na uwanja kubanwa kila kimoja kwa umbo lake. Wazo hilo lilikuwa zuri mno, ila halikuenea: kompyuta ilipata shida kumtenga mchezaji na mandhari yake, hasa jezi ya kijani ilipokutana na nyasi.