Ulivua kombati: haki yako ya kuoa na ya kufanya kazi

Hapa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, ukisema ulikuwa askari, wazee wanakumbuka Oktoba 2004. Brigedi ya 62 ya FARDC, jeshi la Kongo, ilikuja kuwafukuza waasi wachache, na raia zaidi ya 70 wakauawa. Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi haikumtia mtu hatiani kwa uhalifu wa kivita wa Kilwa. Uchungu wa familia hizo una haki yake. Lakini kifungu cha 17 cha Katiba ya 2006 kinasema kosa la jinai ni la mtu binafsi: hakuna anayeadhibiwa kwa tendo la mwingine. Kijana aliyeingia jeshini miaka mingi baadaye habebi damu ya Kilwa.

Baba mkwe akikukataa kwa sababu ulibeba bunduki, jua kwamba kifungu cha 40 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu mzima haki ya kumchagua mwenzi wake. Binti akikubali, uchaguzi ni wake. Akikataa, wewe wala ndugu zake hamna ruhusa ya kumlazimisha. Kuhusu mahari, Sheria ya Familia inataka walau sehemu yake iwe imetolewa kabla ya ndoa kufungwa. Haidai yote kwa siku moja. Hilo linawafaa sana waliorudi mikono mitupu.

Ndoa ikifungwa kwa wazee, nendeni ofisi ya serikali kuiandikisha ndani ya mwezi mmoja, pamoja na mashahidi. Nawasihi msipuuze. Mke asiye na cheti cha ndoa atahangaika kudai haki zake za mjane siku mume akifa.

Kwa upande wa kazi, kwanza tunza karatasi yako ya kuachishwa jeshi, na utoe nakala. Bila hiyo unaweza kudhaniwa mtoro, na Sheria ya Adhabu za Kijeshi ya 2002 inaadhibu utoro. Hakuna sheria inayomlazimisha tajiri akuajiri. Lakini akikuweka mlinzi bila mkataba wa maandishi, usidhani huna lolote: kifungu cha 44 cha Sheria ya Kazi ya 2002 kinauhesabu mkataba huo kuwa hauna kikomo, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Tafuta mashahidi, weka kila karatasi ya malipo. Akikunyima mshahara, peleka malalamiko kwa inspekta wa kazi awapatanishe. Mahakama ya kazi inafuata pale upatanisho unaposhindikana.