Kutua na Kubwaga

Jioni huko Gongoni, mjini Tabora, mtoto atokaye kuteka maji hufika uani na ndoo kichwani. Shingo imechoka, wala hawezi kuinama, kwa maana akiinama maji yatamwagika. Basi humwita nduguye, "Njoo unitue." Nduguye huja, huishika ndoo kwa mikono miwili, na kuiteremsha polepole. Lau mtoto yule angalisema, "Njoo unibwage," angalikuwa anaomba kuangushwa yeye mwenyewe, kama mtu ashindanaye mieleka. Maneno haya mawili yote ni ya kutoa kitu juu na kukifikisha chini, lakini si neno moja.

Neno kutua lina ukoo mkubwa. Kinyume chake ni kutwika, yaani kumwekea mtu mzigo kichwani. Ndege hutua mtini, na jua hutua magharibi. Mahali pa kutua huitwa kituo. Zamani kituo kilikuwa pale misafara ilipolala. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mahali pa kusimama gari la moshi pakaitwa kituo vile vile. Hata msomaji wa kitabu hupaswa kuangalia vituo, asije akasoma mbio bila kupumzika. Katika neno hilo hilo yametoka maneno kutulia, kutuliza na utulivu. Maji yasiyokwenda husemwa kuwa yametuama. Mtu aliyetulia, basi, ni kama mtu aliyekwisha kuutua mzigo wake.

Kuna maneno mengine yanayokaribiana na kutua, nayo yafaa kupambanuliwa. Kushusha ni kuleta chini kitu kilichokuwa juu: watu hushusha shehena ya meli, na mfanya biashara hushusha bei. Kuweka ni kukipa kitu mahali pake kikae, kama kuweka akiba. Kubwaga ni kuangusha kwa nguvu au kwa ghafula, pasipo kuangalia kitakavyofika chini. Tena aliyechoka na kazi akaiacha husemwa kuwa amebwaga manyanga. Kutupa ni kuacha kabisa, bila nia ya kukirudia kitu.

Tofauti hizi hazikuwa jambo la mchezo kwa watu wa misafara. Katika karne ya 19 Tabora, iliyojulikana pia kwa jina la Kazeh, ilikuwa njia panda ya biashara katika nchi ya Unyamwezi. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walifika hapo mwezi wa Novemba 1857. Kutoka Tabora hata Bagamoyo, pwani, ulikuwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi kwa miguu. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, ukiwa ni nguo, shanga, waya au pembe za ndovu. Wanyamwezi walisifika sana kwa kazi hiyo, na mpaka leo watu husema, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi."

Na afikiriwe mkuu wa msafara aliyeketi kambini akingoja habari za wapagazi watatu waliobaki nyuma. Akiambiwa, "Wa kwanza ametua mtoni," hana hofu; mtu yule anapumzika, atakuja. Akiambiwa, "Wa pili ameubwaga mzigo," huuliza kama shanga zimemwagika. Akiambiwa, "Wa tatu ameutupa," hujua kwamba mzigo umepotea, na labda mtu naye amekwenda zake. Mjumbe akikosea neno, mtu mwaminifu aweza kuadhibiwa bure.

Jina la Bagamoyo lenyewe huelezwa na wengi kuwa limetoka katika maneno "bwaga moyo", nayo husimuliwa kwa njia mbili. Wengine husema kwamba ni maneno ya wapagazi waliofika pwani: safari imekwisha, mtu na autulize moyo na kufurahi. Wengine husema kwamba ni maneno ya watumwa waliotolewa bara kwa nguvu. Walipoiona bahari walikata tamaa, wakauacha moyo wao hapo, kwa kuwa walijua kwamba hawataiona tena nchi yao. Maneno ni yale yale, na njia ni ile ile. Lakini kwa mmoja ni furaha, na kwa mwingine ni msiba. Kumbe, ili kuijua maana ya neno, haitoshi kulisikia. Yapasa kuuliza ni nani asemaye, na ni mzigo gani alionao.

Iko habari moja ya mzigo usiotuliwa. Daktari Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, mwezi wa Mei 1873, watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti. Kisha waliukausha mwili, wakaufunga, wakauchukua kuelekea pwani. Kati ya viongozi wao walikuwa Susi na Chuma. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Cameron, ofisa Mwingereza, naye akawashauri wauzike mwili huko. Wakakataa. Na walipohofia kuzuiliwa njiani, waliufunga upya mfano wa mtumba wa nguo. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na hapo ndipo walipoutua. Hawakuubwaga njiani, wala hawakuutupa.

Wanafunzi wa Kiingereza nao hukutana na shida ya namna hii. Waingereza huyaunganisha maneno mawili, put na down, wakapata maana nyingi. Mtu akifanya hivyo kwa mzigo, ameutua. Akifanya hivyo kwa habari aliyoisikia, ameiandika. Serikali ikifanya hivyo kwa maasi, imeyakomesha. Mtu akimfanyia hivyo mwenziwe mbele ya watu, amemdharau. Mwenye mbwa mgonjwa asiyeponyeka akimfanyia hivyo, amemuua ili asiteseke. Mwanafunzi atakayeandika kila mara "kuweka chini" atakuwa amemweka chini mbwa, na msomaji atadhani kwamba mbwa yu hai, amelala mkekani! Mfasiri mwema hatazami neno peke yake. Hutazama jambo lililotendeka, kisha hutafuta neno ambalo watu wa lugha yake hulitumia kwa jambo hilo.

Maneno, basi, ni mizigo tuliyopewa kuchukua. Asemaye na atue kila neno mahali pake, polepole, kama mtoto wa Gongoni atuliwaye ndoo yake, tone moja la maji lisimwagike.

MASWALI

1. Taja maneno manne yaliyotoka katika neno kutua, na utunge sentensi moja kwa kila neno.
2. Eleza tofauti ya kutua, kubwaga na kutupa mzigo.
3. Kwa nini jina la Bagamoyo laweza kuwa la furaha na la huzuni?
4. Neno kupiga lina maana nyingi, kama kupiga hema na kupiga mbiu. Andika nyingine sita, na ueleze kila moja kwa neno jingine.