SOMO: UKURASA MMOJA, MASHAHIDI WATATU

Ndugu wanafunzi, ukitengeneza ukurasa wa intaneti, usiseme "umekwisha" sababu tu unaonekana vizuri kwa Chrome. Kila programu ya kusomea iko na mtambo wake ndani: Chrome iko na Blink, Firefox iko na Gecko, Safari iko na WebKit. Edge, tangu 2020, na Opera nazo zinatumia Blink. Basi kupima Chrome, Edge na Opera ni kuuliza shahidi mmoja mara tatu. Biblia inataka mashahidi wawili ao watatu! Angalia tena kwa Firefox, kwa iPhone, na kwa simu ndogo ya mzazi. Matokeo ya mtihani yakichanganyika mistari pale, mama atafikiri mtoto wake ameanguka, kumbe alishinda.

Zoezi: Fungueni ukurasa mmoja kwa mitambo mitatu. Andikeni tofauti.