Nenda Forodhani Jumanne

Wadogo zangu, kuna maneno nimeyasikia kwenu mara nyingi siku hizi hata yamenikaa rohoni: "Dada, nimechoka, lakini sina pa kwenda." Ukimuuliza anayesema hivyo anakaa wapi, anakutajia Mkunazini, Kikwajuni, Michenzani. Bahari iko pale, bustani ya Forodhani hapa Unguja iko wazi na haina kiingilio, naye kajifungia ndani na simu mpaka usiku kwa kuwa hana shughuli ya kumtoa.

Kupunga upepo ni shughuli tosha. Usingoje sikukuu, wala mgeni kutoka Bara wa kumtembeza, wala hela ya pweza.

Wengi mnaijua Forodhani ya usiku, ya taa na moshi wa mishkaki. Ni nzuri, siibezi. Lakini mimi nawapendekezea ile ya alasiri, siku ya kazi, meza za chakula hazijapangwa bado. Nenda Jumanne. Ukishasali alasiri, toka. Tafuta pa kukaa penye kivuli, uipe mgongo Beit el Ajaib, utazame baharini. (Najua wengine bado linawauma jumba lile la Sayyid Barghash, lililosimama tangu 1883 halafu upande wake mmoja ukaporomoka Desemba 2020. Hata mimi linaniuma.)

Maji yakiwa yamejaa utawakuta vijana wa makachu. Hebu mchague mmoja umtazame vizuri. Anarudi nyuma, anavuta pumzi, anakuja mbio miguu mitupu ikipiga sakafu pa-pa-pa, akifika ukingoni anajirusha, anajikunja, anapinduka hewani. Unasikia kishindo, na marasharasha yanakufikia mpaka kwenye kanga. Kabla hajapanda juu mwingine keshaanza mbio. Mtoto wako mdogo atasimama mdomo wazi, wala hatakumbuka kukuomba simu. Wewe mshike mkono tu mkiwa karibu na ukuta.

"Lakini dada, watu watasemaje, mwanamke kakaa peke yake bustanini?" Hili nimelifikiria sana, maana najua mji wetu. Ukiona haya, nenda na shoga yako, au wifi yako. Au mchukue mama mkwe. Tena huyo ndiye ningemtanguliza. Mtu mzima aliyeshinda chumbani wiki nzima akipigwa na upepo wa bahari hufunguka, akakupa habari ambazo hukupata kuzisikia miaka yote mliyokaa nyumba moja. Bustani hii ilitengenezwa 1936, Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya kutawala, na wazee waliokuja kuchezea hapa utotoni bado tunao. Muulize alikuja na nani, alivaa nini. Kisha nyamaza umsikilize.

Na mlionuniana na waume zenu, nakuombeni mjaribu. Neno zito hutoka kwa urahisi zaidi mkiwa mmekaa ubavu kwa ubavu mnatazama ngalawa zikipita, kuliko mkikaziana macho ndani ya chumba kimoja chenye joto.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kusikia kijana wa mjini akisema Forodhani ni ya watalii. Jamani! Wageni tunawakaribisha, na biashara inalisha watu, lakini bustani ni yetu. Kuna wakati ilikuwa imechakaa. Ukuta wa bahari ukatengenezwa, miti na majani yakapandwa, taa zikawekwa, ikafunguliwa upya 2009 kwa kazi ya taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Sasa nani ataitunza ikiwa sisi wenyewe hatukanyagi pale? Chukua mfuko kwa ajili ya maganda ya njugu na chupa za maji, urudi nao.

Ukiwa na hela kidogo, kunywa juisi ya miwa. Simama karibu na mashine uone inavyokamuliwa: muwa unapitishwa, unakunjwa, unatiwa ndimu na kipande cha tangawizi katikati, unapitishwa tena na tena mpaka makapi yanatoka makavu. Hii usiinywe ukitembea. Kaa, inywe polepole.

Na ukibaki mpaka meza zipangwe baada ya magharibi, uliza bei kabla hujanyoosha kidole, samaki mchague mwenyewe na achomwe mbele yako. Kama hela haitoshi, agiza bakuli moja la urojo mle wawili.