Aplikasio za telefone: ziko za namna ngapi, na zinatumika namna gani?



Mwanzo wa mwaka huu wa masomo, mwenzetu mmoja wa interna alipokea aplikasio ya kuwasha taa. Hakuishusha kwenye duka la aplikasio. Rafiki alimtumia tu toka telefone mpaka telefone, juu hawakuwa na mega. Wakati wa kuiweka iliuliza: unakubali nisome ujumbe wako? Akafinya ndiyo. Nyuma ya siku chache, ukatokea ukurasa uliofanana sana na ule wa nyumba ya feza, ukaomba namba ya siri. Akaandika. Minervali ambayo mama yake alikuwa ametuma ikapotea usiku ule ule. Ndiyo sababu tumeona vema tujifunze jambo hili pamoja.

Aplikasio ni programu, maana yake maagizo yaliyoandikwa ili telefone ifanye kazi fulani. Wengi wetu tunadhani zote ni moja, kwa kuwa zote zina kapicha kadogo ka kufinya. Sivyo.

Tuanze na ile ambayo wazazi wetu wanaijua kuliko sisi. Mama anafinya nyota, namba, na ile alama ya mwisho (#), halafu orodha inatokea: 1 kutuma, 2 kutoa, na kadhalika. Kwa kusema kweli, hii haiko aplikasio ndani ya telefone. Programu yenyewe iko katika mashini za kampuni. Telefone inaonyesha maandiko tu, herufi 182 kwa mara moja, si zaidi, na kurudisha jibu. Inapita katika njia ile ambayo rezo inatumia kwa kupanga simu. Kwa hiyo haiombi mega, na hata telefone ndogo ya vifinyo inaiweza. Ni kwa njia hii watu wengi wa Kongo wanatumia M-Pesa, ambayo Vodacom ilileta inchini mwetu mwaka 2012. Lakini mazungumzo hayo yanafunguliwa kwa muda mfupi. Rezo ikikatika katikati, mtu hajui kama feza imekwenda ao bado. Basi asirudilie upesi. Aangalie kwanza salio, asije akalipa mara mbili.

Namna ya pili ni aplikasio inayowekwa ndani ya telefone yenyewe. iPhone ilitoka mwaka 2007, lakini duka lake la aplikasio lilifunguliwa mwezi wa 7 mwaka 2008, likiwa na aplikasio karibu 500. Duka la Android likafuata mwaka ule ule. Aplikasio ya Android inafika katika mfuko uliofungwa, unaoitwa APK. Ile ya iPhone inapashwa kuandikwa mbali, kwa lugha nyingine. Kwa kuwa iko ndani ya telefone, inaweza kutumika pasipo rezo. Mfano ni Kiwix: mtu anaweka faili ya Wikipedia ya Kifaransa katika karte ya memwari, halafu anaisoma interna usiku, mega sifuri. (Wenzetu wa kidato cha juu wanajua tunasema nini!)

Hapa tusimame kidogo. Android inapatia kila aplikasio chumba chake, na hairuhusu moja iingie katika chumba cha nyingine. Ikitaka ujumbe, kamera ao majina ya watu, inapashwa kuomba ufunguo kwa mwenye telefone. Tangu Android 6, ya mwaka 2015, inaomba wakati wa kutumika, na mtu anaweza kurudisha ufunguo wake katika mipangilio. Sasa tuulize: taa inataka ujumbe kwa kazi gani? Mwizi alikuwa anafungua konti ya mwenzetu katika telefone yake mwenyewe. Alihitaji vitu viwili: namba ya siri, na kodi ambayo nyumba ya feza inatuma kwa ujumbe. Ukurasa wa uongo ulimpa ya kwanza, ruhusa ya kusoma ujumbe ikampa ya pili. Hakuvunja mlango, alipewa funguo. Hatusemi hivi kwa kumcheka mwenzetu. Sisi wenyewe, wakati wa kuandika somo hili, tuliangalia telefone zetu na kukuta mambo ya haya.

Namna ya tatu haiwekwi. Inakaa katika mashini ya mbali, nasi tunaifungua kwa Chrome ao Firefox. Haijazi memwari, na mwenye kuitengeneza anabadili mahali pamoja tu. Ila mega zinakwenda.

Ya nne ni chotara: kwa nje ni APK kamili, kwa ndani ni kurasa za tovuti. Mafundi wanaipenda kwani wanaandika mara moja kwa telefone za namna zote. Ukikata mega, zingine kati yao zinaweza kufunguka nyeupe tupu.

Maulizo ya kujifunza

1. Juu ya nini telefone ndogo ya vifinyo inaweza kutuma feza pasipo mega?
2. Chagua aplikasio tatu katika telefone ya nyumbani. Kila moja imepewa funguo gani, na ni zipi hazihitaji kwa kazi yake?
3. Rezo ikikatika wakati yaya yako anakutumia minervali, afanye nini kwanza?

Majibu yaletwe kwa mkuu wa darasa.